Koma Mbili Zilizotufyekesha Nyasi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi, msomaji mpenzi, sikudharau mwiba. Nilidharau koma. Na ukiitazama vizuri, koma inafanana na mwiba hasa, kichwa juu na ncha inayopinda chini. Mguu wangu haukuota tende, lakini viganja vya wavulana wote wa darasa letu viliota malengelenge, vyangu vikiwemo.

Mambo yalikuwa hivi. Muhula wa kwanza nilikuwa kiranja wa darasa, Kidato cha Tatu Mashariki. Kila Alhamisi jioni kiranja huandika ripoti fupi kwa Kiingereza na kuipeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu. Wiki hiyo wavulana wanne walikuwa wametoroka zamu ya kufagia siku mbili mfululizo ili wawahi matatu za saa kumi. Sikutaka kuwataja kwa majina (nani anapenda kuitwa mchongezi?) kwa hivyo nikaandika kwa jumla hivi: "The boys in Form 3 East, who left before sweeping the classroom, should be punished." Nikaisoma kwa sauti, nikaona inapumua vizuri, nikaipeleka ofisini nikijiona mwandishi kamili.

Ijumaa jioni, masomo yalipokwisha, tukaitwa. Si wale wanne. Wavulana wote wa Mashariki, ishirini na watatu kwa hesabu. Tukapewa mafyekeo na kuonyeshwa nyasi za nyuma ya jikoni, zile ambazo hata mbuzi wa jirani huziogopa. Wasichana wakapita na mabegi yao wakitucheka.

Jambo lililoniuma si nyasi. Jirani yangu wa dawati, ambaye alikuwa amefagia siku zote mbili, tena peke yake siku ya pili, humsaidia mama yake siku ya Ijumaa kuhamisha mboga kutoka stejini hadi kibandani kabla jua halijatua. Siku hiyo alifika giza limeingia. Mama alikuwa amebeba magunia mwenyewe, na sukuma wiki nyingine ilikuwa imenyauka. Jumatatu jirani yangu alihamia dawati la nyuma. Hakunitukana, hakunigombeza, alinyamaza tu. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwa naibu kulalamika kwamba adhabu haikuwa ya haki. Naibu wetu hufundisha Kiingereza. Alitoa ile ripoti kwenye faili, akaniambia, "Mimi nilifanya ulivyoandika." Kisha akachukua kalamu nyekundu akafuta koma mbili. Mbili tu. "Hivi," akasema, "ningewaita wanne."

Huenda sasa unajiuliza, je, Chama cha Kiswahili kina shughuli gani na koma za Kiingereza? Mbona asiandike kwenye bango la Kiingereza kule ubaoni? Ngoja kidogo. Baada ya siku ile nilianza kuchunguza makosa yangu ya koma katika daftari la insha za Kiingereza, nikagundua kwamba mengi hayakutokana na uvivu wala ujinga. Yalitoka katika Kiswahili chetu kizuri kabisa. Mtu anayeandika Kiswahili sanifu ndiye anayekosea koma za Kiingereza kwa ufundi zaidi. Basi mahali pa kuzungumzia jambo hili ni hapa hapa.

Nianze na zile koma mbili zangu. Katika Kiswahili tunasema, "Wavulana walioondoka kabla ya kufagia." Ile -o- rejeshi imekaa ndani ya kitenzi, imebanana humo kama abiria wa saa kumi, na hakuna nafasi ya kupenyeza koma. Tukitumia amba-, nafasi inapatikana, na wengi wetu huweka koma kabla ya "ambao" bila kufikiri kwa sababu ndipo tunapovuta pumzi. Msomaji wa Kiswahili hatutilii maanani. Msomaji wa Kiingereza huitilia maanani sana.

Kwa Kiingereza, "the boys who left" bila koma ni wale walioondoka tu, wengine hawahusiki. "The boys, who left," na koma mbili, ni wavulana wote, na habari ya kuondoka ni nyongeza tu inayowahusu wote. Koma mbili zile ni kama mabano. Unamwambia msomaji kwamba kilichomo kati yake kinaweza kuondolewa na sentensi isipungukiwe na mtu. Ondoa basi maneno yangu ya kati uone kinachobaki: "The boys in Form 3 East should be punished." Ndivyo naibu alivyosoma, na alisoma sawasawa!

Kwa hivyo kipimo ni kile cha kuondoa. Nyanyua kile kishazi kama unavyonyanyua kifuniko cha sufuria. Ikiwa watu ni wale wale, weka koma. Ikiwa watu wamebadilika au wameongezeka, usiweke. "My mother, who sells vegetables, wakes up at four." Mama ni mmoja, ukiondoa habari ya mboga bado ni mama yule yule, basi koma. Lakini "My brother who works in Mombasa" bila koma ni kusema kwamba nina kaka wengine, na namtaja yule wa Mombasa. Ukiweka koma, msomaji ataelewa kwamba kaka ni mmoja tu. Unaona? Koma moja yaweza kukupunguzia ndugu. Tena koma hizi hutembea mbili mbili kama ndara. Ukiweka ya kwanza ukasahau ya pili, sentensi inachechemea.

Sasa hii habari ya pumzi. Tangu shule ya msingi tumeambiwa: weka koma pale unapopumua. Nilimuuliza naibu kama tulidanganywa. Akasema hapana, ila ushauri huo ni wa kale mno. Kiasi cha miaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, alibuni vitone vya kuonyesha msomaji mahali pa kutua. Wakati huo Wagiriki waliandika maneno yakiwa yameshikana bila nafasi, na maandishi yalisomwa kwa sauti, kwa hivyo vitone vilikuwa vya pumzi kweli kweli. Kipande kifupi cha usemi kiliitwa komma, yaani kilichokatwa. Kumbe sisi tunaposema "mkato" hatukwenda mbali na Wagiriki! Umbo la koma tunalolijua leo lilienezwa na wachapishaji wa vitabu wa Venice, Italia, hasa Aldo Manuzio, mwishoni mwa karne ya 15. Baadaye, watu walipozoea kusoma kimya kimya, hakukuwa na wa kupumua tena, na koma ya Kiingereza ikahama polepole kutoka kwa pumzi kwenda kwa sarufi.

Shida yetu ni kwamba pumzi tunazovuta ni za Kiswahili. Mathalani, tukisema "aliniambia kwamba", tunatua kidogo ndipo tuendelee. Tunaandika basi, "He told me that, he was sick." Fungua daftari lolote la Kidato cha Pili uone koma hii baada ya "that"; imejaa kama kunguru sokoni. Kwa Kiingereza haifai hata kidogo. Vivyo hivyo kiima kikiwa kirefu: "The man who repairs bicycles near the market, is my uncle." Pumzi imeisha pale "market", nasi tunaweka koma kumpumzisha mtu. Kumbe tumemtenga mwenye jambo na kitenzi chake. Kiima na kitenzi havitengwi kwa koma moja. Ama uweke mbili kuzunguka nyongeza, ama usiweke kabisa.

Lakini kosa lililonimaliza mimi, lile lililojaza wekundu katika daftari langu zima, ni lingine. Nalo linatokana na -ka-.

Hebu soma sentensi hii: "Nilifika nyumbani, nikavua sare, nikateka maji, nikawasha jiko." Kuna kasoro? Hakuna. Ni Kiswahili kitamu, mambo yanafuatana kama shanga. Sasa nikaigeuza kwa Kiingereza katika insha: "I reached home, I removed my uniform, I fetched water, I lit the jiko." Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya kila koma. Nikashangaa. Koma zile zile, mahali pale pale, huku sawa, kule makosa?

Nilikaa na sentensi hizo mbili muda mrefu kabla ya kuona tofauti. Katika Kiswahili, koma haifanyi kazi kubwa. Kazi yote inafanywa na -ka-. "Nikavua" pekee yake haisimami, ukimwambia mtu "nikavua sare" bila kitangulizi, atakuuliza, "Baada ya nini?" Ile -ka- imefungwa kamba kwa tendo lililotangulia. Koma ni pambo tu hapo, na hata ukiifuta, kamba iko: "Nilifika nyumbani nikavua sare nikateka maji nikawasha jiko." Inaeleweka bila tabu.

Kiingereza hakina -ka-. Hakina kamba ndani ya kitenzi. "I removed my uniform" ni sentensi kamili inayosimama kwa miguu yake, haimdai mtu. "I fetched water" nayo ni kamili. Unapoweka koma kati ya sentensi mbili kamili, unajaribu kufunga ng'ombe wawili kwa uzi wa kushonea. Uzi utakatika. Kosa hili ndilo linaloharibu insha nyingi za hadithi, kwa sababu hadithi zetu huja akilini zikiwa na -ka-, tunaifuta -ka- tunapotafsiri, na mahali pake tunaacha koma iliyobeba mzigo usio wake.

Dawa ziko tatu au nne, na si ngumu. Weka nukta uanze sentensi mpya. Au acha koma lakini uiongezee kiunganishi kama "and", "but" au "so" baada yake: "I fetched water, and my sister lit the jiko." Au weka semikoloni (;) ikiwa mambo mawili yanakaribiana sana, ingawa mimi ningekushauri usiizoee hiyo kama chumvi. Na ile ninayoipenda zaidi ni kufuta zile "I" zilizorudiwa: "I reached home, removed my uniform, fetched water and lit the jiko." Sasa ni sentensi moja yenye mtendaji mmoja na orodha ya matendo. Koma ya orodha inaruhusiwa. Nilipoijua hii, insha zangu zilifupika, zikaanza hata kukimbia kidogo.

Mjanja mmoja wa Magharibi aliniuliza, "Na yale maneno ya Kaisari wa Roma, ya kuja na kuona na kushinda? Mbona Kiingereza chake kina koma tupu?" Kweli. Vishazi vikiwa vifupi sana, vitatu vinavyofanana, waandishi huziruhusu. Lakini wewe na mimi, bwana, si Kaisari. Tukiweka hivyo katika mtihani, mtahini hatajua kama ni ufundi au ni makosa.

Jihadhari pia na "however". Sisi tunasema, "Mvua ilinyesha, hata hivyo tulicheza," na hakuna anayeuliza. "It rained, however we played" ni kosa lile lile la ng'ombe na uzi, maana "however" si kiunganishi kama "but". Andika "It rained. However, we played." Na ukianza na "although", usilete "but" katikati. "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulicheza" husikika kila siku, hata redioni. Kwa Kiingereza mmoja wao lazima abaki nyumbani: "Although it rained, we played."

Si kwamba Kiswahili kinatuponza kila mahali. Vitenzi vyetu vya -po- na -ki- vinatusaidia. "Nilipofika, mama alikuwa amelala." "When I arrived, mother was asleep." Koma iko mahali pamoja. Kishazi tegemezi kikitangulia, mwekee koma mwishoni. Kikija nyuma, aghalabu hakihitaji: "Mother was asleep when I arrived." Katika kumwita mtu pia tunafanana. "Nimemaliza kupika, mama" na "Nimemaliza kupika mama" hazifanani hata kidogo, na Kiingereza nacho kitampika mama vivyo hivyo ukisahau koma kabla ya jina la unayemwita.

Iwapo bado unadhani haya ni mambo ya walimu tu wenye kalamu nyekundu, sikiliza ya Marekani. Katika jimbo la Maine kuna sheria inayosema mwajiri alipe zaidi kwa saa za ziada. Sheria hiyo ilikuwa imetaja kazi ambazo hazikustahili malipo hayo, ikazipanga katika orodha ya kazi za vyakula, kama kugandisha, kukausha, kuhifadhi na nyinginezo, na orodha ikaishia kwa maneno "packing for shipment or distribution". Hakukuwa na koma kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy wakaenda mahakamani. Walisema bila koma, maneno yale yanataja kazi moja tu: kufungasha bidhaa, iwe ni za kusafirishwa au za kusambazwa. Wao hawafungashi, wanasambaza. Kwa hivyo hawamo katika orodha, na walipwe saa zao za ziada. Kampuni ikasema la, kusambaza ni kazi ya pekee, nayo imo. Mwezi wa Machi mwaka wa 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno hayo yana utata, ikawapa madereva haki. Mwaka wa 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Bunge la jimbo likaiandika upya orodha ile na kuitenganisha kwa semikoloni.

Koma hiyo ya mwisho wa orodha, kabla ya "and" au "or", Waingereza wengi huiacha na Wamarekani wengi huiweka. Vitabu vyetu vingi vinafuata Waingereza. Naibu anasema iache, isipokuwa pale ambapo bila yake msomaji atababaika. Nafikiri madereva wale wangempenda.

Jambo moja limebaki. Nilipojua kosa langu niliandika ripoti nyingine, safari hii bila zile koma mbili, na majina manne chini yake. Liwe liwalo. Naibu aliisoma mbele ya darasa, akasema kwamba wale wengine kumi na tisa walifyeka nyasi kwa kosa la mwandishi, si lao. Wale wanne walifyeka tena, na mmoja wao hanisalimu hadi leo. Nyasi, nadhani, zimeshakua.

Jirani yangu alirudi dawatini wiki ya tatu. Hakusema lolote, aliweka tu begi lake. Kwa siku nne za Ijumaa nilimfuata hadi stejini nikabeba gunia moja, naye akabeba moja. Mama yake aliniuliza kama mimi ndiye yule kiranja wa koma. Nikakiri.

Nilipomaliza kuandika makala haya nilimpa yeye ayasome kwanza kabla ya kumpelekea mhariri. Aliyarudisha siku iliyofuata. Alikuwa amefuta koma mbili na kurudisha moja.